Buti za kike za mlimani: ni rangi tu?

SWALI: Mwezi ujao napanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku sita, na wenzangu wa kazini. Nilipokwenda kukodi vifaa hapa Moshi nilipewa buti za kiume namba 41, na mimi navaa 39, pamoja na mfuko wa kulalia ulioandikwa nyuzi hasi 10. Naambiwa vya kike vinatofautiana rangi tu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada yangu, na buti hizo zirudishe.

Wanawake wengi wana kisigino chembamba kuliko mwanamume mwenye mguu wa urefu uleule, na buti ya kike hushonwa hivyo: inashika nyuma, mbele inaachia vidole. Kwenye 41 ya kiume kisigino chako kitapanda na kushuka kila hatua, nawe utakuwa na malengelenge kabla ya kufika Mandara, kambi ya kwanza. Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni kushuka. Siku ya kilele mnatoka Uhuru, mita 5,895, mnakwenda kulala Horombo, mita 3,720. Katika mteremko huo wote, mguu unaoteleza ndani ya kiatu hugonga vidole mpaka kucha zinageuka nyeusi. Nimeona watu wakilia pale Horombo wakivua soksi, na kifua wala kichwa havikuwasumbua kabisa.

Nenda ukajaribu jioni, mguu ukiwa umetanuka, na soksi utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu mbele hadi vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Kisha funga, simama kwenye ngazi ukitazama chini, ukite mguu. Vidole vikigota, iache. Na kama mguu wako ni mpana, buti ya kiume ikakukaa vizuri, ichukue. Tunatafuta umbo, si maandishi.

Sasa mfuko wa kulalia. Uliza hiyo hasi 10 ni namba ipi. Mifuko iliyopimwa kwa viwango vya Ulaya huwa na namba mbili. Iliyoandikwa Comfort hukadiriwa kwa mwanamke aliyelala kwa utulivu. Iliyoandikwa Limit ni ya mwanamume aliyejikunja akistahimili baridi. Wengi wanaokodisha hutaja ya pili kwa sababu inavutia. Wewe soma ya kwanza. Kibo mtalala mita 4,720, na mtu aliyetetemeka jioni nzima haamki usiku wa manane akiwa na nguvu ya kupanda.

Shanta lisikusumbue sana, maana mzigo mkubwa hubebwa na wapagazi. Hakikisha tu mkanda unakaa juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na mikanda ya mabega haikati kwapa.

Ukipata buti, zichukue mapema uende nazo Materuni, hapo karibu na Moshi, kwenye maporomoko. Zikikuchubua huko, bado una muda wa kuzibadilisha.