Picha ilikuwa yangu

Tulipoanza kuwaruhusu wanafunzi kuja na simu na vishikwambi vyao kila Ijumaa, niliandika kanuni 14 nikazibandika mlangoni. Mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya tarakilishi katika shule yetu ya kutwa hapa Nakuru, kwa hivyo kazi hiyo iliniangukia. Kila kanuni ilianza na "ni marufuku". Sidhani kuna aliyezimaliza, na mimi mwenyewe sikuzirudia.

Muhula wa pili, msichana mmoja wa Gredi ya 8 akaacha kuinua mkono darasani. Kisha akawa haji Ijumaa. Rafiki yake ndiye aliyenionyesha sababu: stika ya WhatsApp. Msichana amelala, kichwa kimeegemea dirisha la basi, mdomo wazi, udenda unameta kwenye kona ya mdomo, na chini yake maneno "Mwalimu akianza insha". Ilikuwa imezunguka madarasa matatu.

Nilipandwa na hasira. Nikanyang'anya simu sita, nikazifungia kabatini, nikaanza kuhoji. Mvulana aliyetengeneza stika hakukana. Aliniambia kwa adabu iliyonikera zaidi, "Lakini mwalimu, picha si yangu. Ni ile uliweka kwa grupu ya wazazi."

Kweli. Tulikuwa tukirudi kutoka mbuga ya Ziwa Nakuru, watoto wamechoka, nikaona inapendeza. Nikapiga, nikatuma na maneno "Flamingo wamewamaliza!" Sikumwuliza mtoto wala mamake.

Kwa hivyo mwalimu mwenzangu, kama shule yako inafikiria kuruhusu vifaa, anza na simu yako. Siku hizi naomba ruhusa kwa sauti, darasa zima likisikia, kabla sijapiga picha. Mtoto akikataa naiweka simu chini, simbembelezi. Na kwa wazazi kuna fomu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ya uso wake imo humo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Nilipoitaja faini hiyo kwenye mkutano wetu, walimu watatu walitoa simu papo hapo wakaanza kufuta.

Wapo wanaowatisha watoto kwa Sheria ya Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Mimi sioni faida. Wa miaka 13 haogopi jela, anaogopa kuchekwa.

Jambo jingine sikulitarajia kabisa: nyingi ya hizo "simu za wanafunzi" ni za mama zao. Ijumaa moja watoto wanne walikuwa wameinamia simu moja wakitazama mchoro wa moyo, meseji ikashuka juu ya skrini. Mkopo umepitisha siku, lipa leo. Wote wanne wakaisoma. Mwenye simu akaigeuza kifudifudi, na somo la moyo likaishia hapo kwake.

Tangu hapo, kabla ya somo lolote tunatumia dakika mbili: weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha washa waifai ya shule peke yake. Meseji za kawaida haziingii. Kisha, kwenye mipangilio, zima arifa za WhatsApp, maana hizo hupitia waifai. Na kila mtoto hubonyeza *#06# mara moja mwanzoni mwa muhula, akanakili IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu yenyewe, nyuma ya daftari. Simu ikipotea, mzazi ana cha kupeleka polisi.

Kanuni zangu 14 niliziondoa. Darasa likaandika zao nne, na ninayoipenda inasema hivi: "Ukiona meseji ya mama wa mtu, hujaiona."

Na yule msichana? Nilitaka kumwomba radhi mbele ya darasa. Akasema afadhali nisiirudishe tena hiyo habari, basi nikamwomba radhi tukiwa wawili, nje ya maktaba. Kisha nikampigia mamake. Akacheka. "Mwalimu, hiyo picha mimi mwenyewe niliwatumia dada zangu wote." Nikamweleza kilichotokea. Akanyamaza muda mrefu.

Mvulana naye alimwandikia kila aliyemtumia, akiwaomba waifute. Wengine walifuta. Lakini WhatsApp hukupa siku mbili na nusu hivi za kufuta kwa wote, na hata ukiwahi, stika ambayo mtu ameshaihifadhi inabaki kwake. Mwezi uliopita shemeji yangu wa Bungoma, asiyejua hata ninafundisha shule gani, alinijibu salamu za jioni kwa stika. Ni yeye, kichwa dirishani, mdomo wazi.