Je, nifunge Medicaid kabla ya kuomba uraia?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni Mkongo, niliingia Marekani mwaka 2019 na wanangu watatu tukitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Sasa tunaishi Louisville. Grini kadi ninayo, na nataka kuomba uraia. Tangu tufike tunatumia Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwanangu wa pili ana pumu na mimi nina presha. Ndugu mmoja anayejazia watu fomu ameniambia nifunge Medicaid miezi sita kabla ya kutuma N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, la sivyo wataniona mzigo wa serikali na watanikatalia. Anataka dola 400 za "kusafisha faili". Nifanyeje? – Mama wa watatu, Kentucky

JIBU: Marahaba, mama. Usiifunge hiyo bima. Kama ulishapiga simu kuifunga, piga tena leo uombe irudishwe, maana pumu ya mtoto haisubiri mama ale kiapo.

N-400 inajazwaje sitakueleza, naona unajua. Kinachonichosha ni hilo neno "mzigo wa serikali", kwa sababu limeng'olewa mahali pake likapandikizwa pasipo pake. Kanuni hiyo ipo kweli, lakini inamhusu anayeomba visa au grini kadi: afisa anapima kama mtu huyu akishaingia ataishi kwa kuitegemea serikali. Katika masharti ya uraia haimo. Na wewe hata huko nyuma haikukugusa, kwa sababu sheria imemwondoa mkimbizi katika kipimo hicho, siku anapoingia nchini na siku anapoomba grini kadi. Ndugu yako anakutisha kwa mbwa ambaye hajawahi kufungwa uani kwako.

Uvumi una mzizi wake, sikatai. Mwaka 2019 serikali ya Trump ilitoa kanuni iliyoingiza Medicaid ya watu wazima, msaada wa chakula na nyumba za ruzuku katika hesabu ya "mzigo". Ikaanza kutumika Februari 2020, ikafutwa Machi 2021. Desemba 2022 ikaanza nyingine, iliyoacha Medicaid ya kawaida nje ya hesabu, na Novemba 2025 serikali ikatangaza pendekezo la kuifuta hiyo nayo. Kwa hiyo mtu anayemwombea mumewe au mzazi wake grini kadi leo ana sababu ya kuketi na wakili. Ila katika vuta nikuvute yote hiyo hoja ilikuwa grini kadi na visa. Uraia haukuguswa. Watu walisikia "Medicaid" na "uhamiaji" katika habari moja wakafunga mzigo mmoja.

Na hapa ndipo ninapotamani huyo ndugu yako angekuwa amesoma walau karatasi moja. Ada ya N-400 ni dola 760 ukituma kwa posta. Asiye na uwezo anaomba kusamehewa kwa fomu I-912, na mojawapo ya vithibitisho ambavyo fomu hiyo inakubali ni barua inayoonyesha kwamba unapokea Medicaid. Ofisi ileile ya uhamiaji! Barua anayokuambia uifiche ndiyo ambayo huenda ikakuokolea dola 760, naye anataka 400 juu yake.

Tena hata hesabu ya ule ujanja haisimami. Anayeomba uraia kwa njia yako hutazamwa mwenendo wake wa miaka mitano. Ukifunga Medicaid miezi sita kabla, ile miaka minne na nusu imekwenda wapi? Kumbukumbu za jimbo zipo. Hakuna mtu wa mtaani mwenye ufutio wa kuzifikia, na kitu kinachoitwa "kusafisha faili" hakipo.

Kinachoua maombi ni uongo. Nimewahi kumwakilisha mteja ambaye mkewe, wakati wa kuomba misaada, aliandika kwamba anaishi peke yake na watoto, kwa ushauri wa hao hao wajuaji, ili kipato kionekane kidogo. Mume alipojaza N-400 akaandika anwani ileile, miaka ileile. Swali likaja, na hakukuwa na jibu zuri. N-400 inauliza kama umewahi kumpa afisa wa serikali taarifa za uongo au za kupotosha, na unajibu chini ya kiapo. Ukikana na karatasi zikasema vingine, kosa la zamani limezaa jipya mbele ya macho ya afisa. Kwa hiyo pitia ulichoandika ulipoomba Medicaid: nani anaishi nyumbani, nani anafanya kazi, mshahara kiasi gani. Kilingane na ritani zako za kodi. Kama kuna mahali hapalingani, usitume chochote kabla ya kuonana na wakili, kwa sababu kuna wanaoomba uraia wakaishia kupoteza hata grini kadi.

Hofu hii inaumiza zaidi wazee. Mkimbizi anayepokea SSI, yaani pesa za kila mwezi za serikali kwa asiye na kipato cha kutosha, kwa uzee au ulemavu hulipwa kwa miaka saba. Ikipita kabla hajapata uraia, inakatwa. Na kwa sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025, kuanzia Oktoba 2026 mkimbizi ambaye hana grini kadi anatoka katika Medicaid. Bibi anaambiwa "usiombe uraia, wataona unapokea pesa", anaogopa, miaka saba inapita, pesa inakatwa, na kodi ya nyumba iko palepale.

Walatino wana manotario wao, watu wasio mawakili wanaouza ushauri wa uhamiaji. Sisi wetu wana majina ya heshima: mwenyekiti wa jumuiya, pasta, mjomba aliyetangulia kufika. Wengine wana nia njema, na kukutafsiria hakuna ubaya. Ila kushauri juu ya sheria ya uhamiaji kunaruhusiwa kwa wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani, ambaye mara nyingi utamkuta katika mashirika ya kuhudumia wakimbizi, kwa ada ndogo au bure kabisa. Hao wengine wameshaanza kuuza hata N-648, fomu ambayo daktari huijaza kwa mtu ambaye ugonjwa au ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza na maswali ya uraia. Kwa mgonjwa wa kweli ni haki yake. Kwa mzima aliyeambiwa ajifanye amesahau siku za wiki, ni udanganyifu wenye jina lake na sahihi yake.

Kuhusu ndugu yako wa dola 400: N-400 ina sehemu ambapo anayekujazia fomu kwa malipo anatakiwa kuandika jina lake na kuweka sahihi. Mwambie ajaze hapo, na akupe nakala ya kila ukurasa. Wengi wao ukifika hapo ndipo simu inapoanza kukosa mtandao.