Kuhusu kulipia UX: yaliyotukuta kwenye vipuri vya bodaboda Arusha

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni haki mtu akutoze milioni 2 za "UX", yaani kuifanya iwe rahisi kwa anayeitumia, kwenye programu ya oda za duka lako la jumla hapo Moshi, wakati programu ilishatengenezwa na inafanya kazi. Waliotangulia wamekwambia ni rangi na vitufe tu, unapigwa. Mimi nilikuwa na msimamo huohuo mpaka mwaka 2021.

Nilikuwa mtu wa mauzo kwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Arusha, si mbali na soko la Kilombero. Bosi akalipia programu ili mafundi wa Ngaramtoni, Kisongo na Usa River waagize wakiwa gereji badala ya kutupigia simu siku nzima. Ikaja, ina nembo, inapendeza. Mwezi mzima oda zikawa za kuhesabu kwa vidole, na baadhi tulizipiga wenyewe tukijaribu. Bosi akasema mafundi wagumu kuelewa, nenda kawafundishe.

Fundi niliyemkuta Ngaramtoni alikuwa kafungua injini, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia agiza shokapu ya nyuma ya Boxer, mimi naangalia tu. Ukurasa wa kwanza ukamdai barua pepe. Anayo, lakini aliifungua kijana aliyemuuzia simu, na nenosiri analijua huyo kijana. Nikamwazima ya kwangu. Akatafuta "shokapu", hakuna kitu. "Shokamzoba", hakuna kitu. Mzigo tunao stoo, ila aliyetengeneza programu alinakili majina ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye maboksi. Alipoipata kwa kupekua picha, kidole gumba chenye grisi kikagusa alama ya kuongeza mara mbili, pea moja ikawa tatu. Mwisho kabisa, kabla ya kulipa, ikachomoza nauli ambayo haikutajwa popote. Akacheka. "Chalii yangu, hii ni ya wasomi. Namba yako ninayo, nitakupigia."

Kazi ngumu kuliko zote siku ile ilikuwa kufunga mdomo. Kila alipokwama mkono uliniwasha nimwoneshe. Lakini ukimwonesha umeharibu, maana kesho akiagiza hutakuwa pembeni yake.

Nikakaa na mafundi wengine wanne. Wa nne na wa tano walirudia karibu yote niliyokwisha kuandika kwenye daftari. Baadaye nikakuta kwamba Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika hivyohivyo mwaka 2000: watu 5 wanatosha kuibua sehemu kubwa ya kasoro. Alitumia hesabu aliyoifanya na Thomas Landauer mwaka 1993, kwamba mtu mmoja huibua karibu theluthi ya kasoro, na kila anayefuata anakuja na mapya machache zaidi. Kwa hiyo usikubali uambiwe lazima uhoji watu mia.

Marekebisho yenyewe hayakuwa ya ajabu. Barua pepe ikaondoka, ikabaki namba ya simu. Unachagua pikipiki kwanza, Boxer, TVS au Haojue, ndipo kifaa, kwa jina la gereji. Nauli ikapanda juu kabisa. Na kabla ya kutuma oda inatokea picha kubwa na maneno: shokapu ya nyuma, Boxer, pea 1, ndiyo au hapana. Hili tuliliiga kwenye kutuma pesa kwa simu, unavyooneshwa jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Oda ziliongezeka, ndiyo, lakini si hicho kilichomgeuza bosi. Kilichomgeuza ni vipuri kuacha kurudishwa. Enzi za simu, "shokapu ya Boxer" ilisikika vingine kwenye kelele za gereji na kikaenda cha TVS. Kikirudi tumelipa nauli mara mbili, boksi limechanika, na mwenye bodaboda kakaa siku nzima bila hesabu ya tajiri wake. Fundi akilaumiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hakupigii, na wala hakwambii kwa nini. Hasara hiyo haimo kwenye daftari lolote la duka. Sisi tuliiona pale tu iliposimama: kona ya stoo tuliyokuwa tunarundika mizigo iliyorudi ikabaki wazi, tukaweka matairi.

Na usidhani mambo yanaishia kwenye skrini. Don Norman, mtaalamu wa usanifu aliyelieneza jina la "user experience" (ndiyo UX, yanayomkuta mtumiaji) alipokuwa Apple mwaka 1993, alilichagua makusudi ili liguse kila kitu kinachomkuta mteja. Kwetu hicho "kila kitu" kilifika mpaka kwa konda wa daladala. Mzigo wa Ngaramtoni unapanda daladala, fundi anasimama barabarani hajui asimamishe gari ipi. Tukaanza kumtumia ujumbe wenye namba ya gari na ya konda. Hakuna kitufe hata kimoja kilichobadilika hapo, na ndiyo kazi waliyoisifia kuliko zote.

Nisikudanganye pia: UX haijazi stoo. Tulipoishiwa pistoni za TVS, programu nzuri ilituletea malalamiko kwa kasi zaidi.

Sasa hizo milioni 2. Muulize huyo jamaa amekaa na wateja wako wangapi. Akikutumia picha za skrini zenye rangi mpya kabla hajamwona hata mama mmoja wa duka la rejareja akiagiza unga, achana naye. Akikuomba namba za wateja wako wa Marangu na nauli ya kwenda huko, mpe hata advansi.