Mpira ukishapigwa teke ni wa nani? (jibu kwa mleta uzi wa futiboli ya Kimarekani)

Mkuu mleta uzi, swali lako limenichekesha kwa sababu ndilo nililomuuliza kijana wangu mwaka wa kwanza alipojiunga na timu ya shule yake hapa Minnesota. Umesema umeangalia mechi, timu moja ikaupiga mpira juu, ukaanguka, ukadundadunda, halafu watu wa timu hiyohiyo wakauzunguka wakiukodolea macho kama waliokuta nyoka barazani. Baadaye timu ileile ikapiga tena, safari hii wakaurukia kama watoto wanaogombania pipi harusini. Ukauliza, hawa jamaa sheria zao zinabadilika kila robo saa?

Hazibadiliki. Umeona mateke mawili yasiyo na undugu.

Niseme mapema, mimi si refa. Kwa misimu minne nimejitolea kushika mnyororo kwenye mechi za shule. Ni mnyororo kweli, wa yadi 10, wenye nguzo mbili za rangi ya machungwa, na kazi yake ni kupima kama timu imesogea inavyotakiwa. Baridi ya Oktoba huku inakata masikio, ila unasimama kwenye mstari wenyewe na unawasikia marefa wanavyobishana na makocha. Nimejifunza zaidi hapo kuliko kwenye televisheni.

Teke la kwanza uliloliona ni panti. (Naomba tusianze vichekesho, ndivyo linavyoitwa.) Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika la nne na bado iko mbali, kwa kawaida inaupiga mpira mbali ili wapinzani waanzie huko kwao ndani. Panti ni kukabidhi mali, basi. Ikishavuka mstari ulipowekwa mpira, wapigaji hawana chao tena, hata wakiugusa wa kwanza hawaupati. Sasa kwa nini wanauzunguka? Wanasubiri ujiviringishe wenyewe hadi karibu kabisa na goli la wapokeaji (huku goli ni eneo zima la mwisho wa uwanja, nyuma ya mstari), halafu wautulize kabla haujaingia. Ukiingia, wapokeaji wanapewa kuanzia yadi ya 20 (zinahesabiwa kutoka mstari wa goli lao), na wapigaji wameambulia patupu.

Teke la pili ni la kuanzia mchezo. Hilo halikabidhi chochote. Mpira ukishatembea yadi 10 ni wa yeyote atakayeuwahi, wapigaji wakiwemo. Wakiupata ni wao, ila hawaruhusiwi kukimbia nao. Super Bowl (fainali ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani) ya Februari 2010, New Orleans Saints walianza kipindi cha pili kwa teke fupi la ghafla, wapinzani wao Colts wakapigwa butwaa, Saints wakaulalia mpira na mwisho wakashinda 31 kwa 17. Siku hizi NFL ujanja ule haupo, kwani tangu 2024 lazima utangaze kabla kwamba unapiga teke fupi. Binafsi naona wameuua utamu.

Kwa hiyo kila teke likipaa, jiulize kwanza mpira ni wa nani sasa hivi. Ukishindwa kujibu hilo, mengine yote yatakuwa kizunguzungu.

Sasa nikueleze lililowatoa wazazi machozi msimu wangu wa pili. Wageni wamepiga panti, mpira unaviringika kwenye yadi yetu ya 12. Mchezaji wao mmoja akaupapasa ausimamishe, ukamteleza. Refa wa upande wangu akachomoa kifuko kidogo cheupe kiunoni akakitupa chini palepale. Kijana wetu akaona mpira bado unacheza, akaudaka na kutimua mbio. Kufika kama yadi ya 25 akagongwa, mpira ukamtoka, wageni wakaulalia. Benchi lao likalipuka kwa shangwe. Mama mmoja nyuma yangu akamtaja kocha wetu kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Marefa wakakutana, wakaongea sekunde chache, mpira ukarudi kwetu, yadi ya 12. Wageni wakaona wameibiwa, wakati hakuna aliyeibiwa. Wapigaji wakiwa wa kwanza kuigusa panti, wapokeaji wana haki ya kuuchukua pale ulipoguswa, na kile kifuko kilikuwa kinaweka alama ya mahali hapo. Kijana wetu alikuwa anacheza kamari isiyo na hasara. Akifika mbali, anabaki alikofika. Akiupoteza, anarudi kwenye kifuko. Kinachoweza kumharibia ni adhabu, kwa mfano mwenzake akimshika mtu vibaya wakati anakimbia. Ndiyo maana wenye akili huuokota mpira ulioguswa na wapigaji huku wengine wakidhani mchezo umekwisha.

Upande wa pili wa shilingi ndio mchungu. Mpokeaji akiugusa kwanza, hata bila kukusudia, zawadi imefunguliwa na wapigaji wanaweza kuuchukua. Si lazima auguse kwa mkono. Januari 2012, San Francisco 49ers dhidi ya New York Giants wakigombania kwenda Super Bowl, Kyle Williams, mpokeaji wa 49ers, alikuwa anaukwepa mpira uliokuwa unadunda. Ukamparuza goti kidogo tu, Giants wakauokota, marudio ya video yakathibitisha. Giants walishinda 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza, na huko nako Williams aliupoteza mpira mwingine.

Kisa cha Leon Lett wa Dallas Cowboys ndicho ninachowaonyesha vijana. Novemba 25, 1993, Dallas Cowboys wanaongoza Miami Dolphins 14 kwa 13, uwanja mweupe kwa theluji, zimebaki sekunde chache. Dolphins wanapiga teke la goli (la kupitisha mpira kati ya nguzo) la yadi 41, linazuiwa. Mpira umevuka mstari na unazungukazunguka chini, na kanuni hapo ni ileile ya panti, kwa hiyo Cowboys wangeuacha tu mechi ingekuwa yao. Lett akaja mbio, akateleza, mguu ukaugonga mpira. Dolphins wakaulalia yadi moja kutoka golini, wakapiga tena, 16 kwa 14. Angekaa kando tu.

Ndiyo sababu ukiwa karibu na uwanja utasikia timu inayopokea wakipiga kelele “Peter! Peter!” Hakuna anayeitwa Peter. Maana yake mpira uko chini, kaeni mbali nao. Kijana wangu aliwahi kugongwa kisigino na panti akiwa amempa mgongo mpira, hana habari. Ilihesabika kuwa ameugusa, wageni wakauchukua. Nyumbani hakula. Ingekuwa amesukumwa na mpinzani hadi akauangukia mpira, mguso huo usingehesabiwa.

Yule aliyeuliza kuhusu mtu anayepunga mkono mmoja juu ya kichwa, huyo anaomba adake kwa amani. Haruhusiwi kuguswa, naye haruhusiwi kukimbia. Waliocheza raga wanaifahamu “maki”, ni mambo ya ukoo mmoja. Ila kuna kitu kimejificha humo. Akishadaka, timu yake inaweza kupiga teke la goli kutoka hapohapo bila kuzongwa, mpira ukiwa umeshikwa chini na wapinzani wako yadi 10 mbele. NFL na shule za sekondari inaruhusiwa, vyuo hapana. Desemba 19, 2024 Cameron Dicker wa Los Angeles Chargers alifunga hivyo kutoka yadi 57 dhidi ya Denver Broncos, mara ya kwanza NFL tangu 1976. Mimi niliruka kwenye kochi, mke wangu akadhani kuna habari mbaya kutoka nyumbani.

Hapo pia ujue unaangalia mechi ya nani. Kwetu shuleni teke likivuka mstari wa goli mpira umekufa, huwezi kukimbia nao kutoka humo, wakati chuoni unaweza. Na ukiwa Texas, sekondari zao zinafuata sheria za vyuo, kwa hiyo usije ukabishana na binamu yako aliyeko Dallas kabla hujajua hilo.

Lingine nililiona hatua mbili kutoka niliposimama. Teke la kuanzia, mpira unaviringika kando ya mstari wa pembeni, bado uko ndani. Mpokeaji wetu, mtoto mwembamba wa kidato cha pili, akaufikia, akatulia, akaweka mguu mmoja juu ya chokaa, ndipo akauinamia na kuugusa kwa vidole viwili. Kitambaa cha njano cha refa, cha kuonyesha kosa, kikaruka. Kwa kuwa aliyeugusa alikuwa amekanyaga mstari, yaani yuko nje, mpira umehesabiwa umetoka nje, na kosa ni la aliyepiga. Tukaanzia yadi ya 35. Kocha wa wageni alimfuata refa hadi katikati ya uwanja akiuliza hilo limeandikwa wapi, na yule mtoto akarudi benchi akiwa bado anaukung'uta ule mguu wenye chokaa.