Maswali Yenu: Bakteria Hushiba Kwanza, Ndipo Hugawanyika

Mwalimu, shikamoo. Hapa Mikindani tui ninalokamua alfajiri huchacha kabla ya adhuhuri, ila la kwenye friji hulala salama. Je, baridi huua bakteria?

Marahaba. Wengi hawafi, bali huzubaa. Kazi ya kuvunja chakula na kujenga mwili, yaani umetaboli, hufanywa na vimeng'enya, navyo hupoteza kasi kwenye baridi. Na seli isiyojenga mwili haina cha kugawanya. Bakteria aitwaye *Escherichia coli*, akipata lishe nono na joto la nyuzi 37, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja wa saa 12 asubuhi aweza kufikia 4,096 ifikapo saa 4. Wanaochachusha tui lako ni wa jamii nyingine, wenye kasi yao.

Nasoma Masasi. Kama kunakili DNA huchukua dakika 40, bakteria anayegawanyika kila dakika 20 anawezaje?

Swali zuri, na watafiti Cooper na Helmstetter walilijibu mwaka 1968. Zaidi ya hizo dakika 40, seli huhitaji nyingine 20 hivi kabla ya kugawanyika. Penye chakula tele haingoji: huanza kunakili upya kabla nakala ya kwanza haijakamilika, kama muuza vitumbua anayemimina unga kwenye shimo lililo wazi huku mashimo mengine yakiendelea kuiva. Seli inayogawanyika sasa hivi inamaliza kazi iliyoanzishwa na bibi yake.

Seli hujuaje kwamba imeshiba? (Msomaji, Lindi)

Hapa ndipo ninapopapenda. Ili igawanyike, seli hujifunga katikati mkanda wa protini iitwayo FtsZ. Katika *Bacillus subtilis*, sukari ikiwa nyingi, protini nyingine, UgtP, ambayo kazi yake ya kawaida ni kutengeneza mafuta ya utando kwa kutumia sukari hiyohiyo, husogea hadi katikati ya seli na kuuzuia mkanda usijifunge mapema. Seli hurefuka kwanza, ndipo ikagawanyika. *E. coli* hutumia protini isiyo na undugu na hiyo, OpgH, kwa kazi ileile. Ndiyo maana bakteria walioshiba huwa wakubwa kuliko wenye njaa, jambo lililopimwa kwa *Salmonella* na Schaechter, Maaløe na Kjeldgaard mwaka 1958 huko Copenhagen.

Na chakula kikiisha?

Seli hutoa molekuli ndogo iitwayo ppGpp, ambayo hupunguza utengenezaji wa ribosomu, yaani viwanda vya protini vya seli, na mgawanyiko hufifia. Jamii ya *Bacillus* huenda mbali zaidi na kujifungia ndani ya spora, yaani maganda magumu ya kujihifadhi, zinazoweza kustahimili hata maji yanayochemka. Kiporo cha wali kikilala sufuriani bila friji, spora za *Bacillus cereus* zilizosalia huamka, hula na kugawanyika. Na sumu ya kutapisha wanayoiacha haiondoki kwa kupasha moto.