Vijana wa bendi, anzeni na ridhim

Vijana wa Tanga wanaonijia kutaka ushauri wa kuanzisha bendi ya jazi huwa tayari wana jina la bendi na mpiga solo, yule wa gitaa linaloongoza. Kinachowasumbua, wanasema, ni spika. Mimi nimepiga gitaa la ridhim, lile linalorudia mpigo uleule chini ya wimbo, kwenye bendi za mji huu miaka mingi, kwenye harusi, kumbi na sikukuu, na siku hizi jioni nawanoa vijana huku Ngamiani. Ninachowaambia kila mara ni hiki: bendi inasimama kwa wale wasiotunzwa hela jukwaani. Ridhim, besi na drams wakikaa sawa, hata solo wa kawaida atasikika fundi. Wasipokaa sawa, leteni solo mkali mnavyotaka, watu hawatainuka vitini.

Jaribuni hivi kwenye mazoezi. Solo na waimbaji wapumzike kwanza. Mpiga besi apige mapigo yake machache na aache nafasi, asijaze kila mahali. Ridhim aingie kwenye zile nafasi, mkato uleule, sauti ileile, bila kuongeza mbwembwe. Drams ashike matoazi tu, taratibu. Wapige mzunguko huo huo mpaka mtu akipita nje aanze kutikisa kichwa. Nina kijana mmoja wa ridhim ambaye mwanzoni alikuwa akibadilisha mpigo kila baada ya muda mfupi kwa sababu anachoka kurudia. Nilimwambia asikilize besi na asikilize drams, gitaa lake aliache lijiendee. Jioni moja nikaona mkono wake wa kulia umelegea, bega limeshuka, na mpiga drams anamwangalia huku anacheka. Siku hiyo ndipo walipoanza kuwa bendi.

Sauti iwe chini. Kama humsikii mwenzako, umeongeza mno. Mara nyingi tunafanya mazoezi bila umeme kabisa, tukiliacha besi peke yake kwenye amplifaya ndogo, na hapo ndipo kila anayeburuta mapigo anajulikana.

Mkitaka walimu, wapo kwenye rekodi. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ndani ya Jamhuri ndimo walimopitia ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, miaka ya 1960. Baadaye walihamia Arusha, kisha Nairobi, wakaunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitoa na kuanzisha Les Wanyika, na mmoja wao alikuwa mpiga ridhim, Omar Shabani. Sikilizeni nyimbo za bendi hizo zote mbili, lakini angalau mara moja msimfuate mwimbaji. Fuateni ridhim na besi kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa wimbo. Mtaona kuwa solo anaingia, anatoka, anapumzika, na hao wengine hawapumziki hata kidogo.

Sasa hela, maana hapa ndipo bendi nyingi nzuri zilipofia. Kama ridhim ni muhimu kama ninavyosema, alipwe sawa na solo. Tuseme mmepiga harusi Makorora mkalipwa 300,000. Usafiri na kukodi spika 80,000, mfuko wa bendi 40,000, zinabaki 180,000. Mko sita, kila mtu 30,000, yaishe. Hesabu isomwe mbele ya wote usiku uleule, kwenye daftari, na mtunza fedha asiwe kiongozi wa bendi. Mwenye gitaa lake akitaka lihesabiwe, kubalianeni kiasi kabla ya kupanda jukwaani. Ukimwacha mwenye vyombo bila makubaliano, siku mkigombana anabeba vyombo vyake na bendi imekwisha. Kwa hiyo ule mfuko ununue vyombo vya bendi polepole, hata kama ni kuanza na waya na nyuzi.

Nyimbo ni jambo jingine. Mtunzi aandikwe jina siku wimbo unapozaliwa, na kama mpigo wa ridhim ndio uliouzaa, msiogope kuandika majina mawili. Kisha usajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, kabla haujapendwa. Nimeona marafiki wa utotoni wakiacha kusalimiana kwa ajili ya wimbo mmoja.

Na nyuzi zenyewe zitunzeni. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na jasho la mkono linamaliza kazi. Kila mtu awe na kitambaa kikavu kwenye mfuko wa gitaa, apanguse nyuzi kabla ya kwenda nyumbani. Ni kitu kidogo, lakini hela ya nyuzi mpya kila mara ni hela mngekula.

Mwisho, mtu ataondoka. Bendi ya Dar es Salaam itamwita, au atapata kazi bandarini, au ataoa. Msimnunie. Ila tangu sasa kila chombo kiwe na mtu wa pili: mwimbaji mmoja ajifunze ridhim, mpiga tumba ajue kukaa kwenye drams. Siku moja katika wiki badilishaneni viti. Solo akishika ridhim kwa jioni nzima, ataanza kumwachia mwenzake nafasi bila kuambiwa.