Ajenti akichanganya zana mbili

Kama ajenti wako wa AI (programu inayoachia modeli ya lugha iamue zana ipi, yaani kipande kipi cha programu, iitwe) anaita zana ya tafuta_mteja pale alipotakiwa kuita orodhesha_wateja, usikimbilie kubadilisha modeli. Modeli haioni msimbo ulio ndani ya zana. Inaona jina, maelezo na vigezo (taarifa ambazo zana hupewa inapoitwa) tu. Maelezo kama "Hutafuta taarifa za wateja" yanazifaa zana zote mbili, sasa ichague vipi? Andika zana itumike lini na isitumike lini, mfano kwa tafuta_mteja: "Tumia ukiwa na namba ya mteja. Kama huna, anza na orodhesha_wateja." Vigezo navyo vionyeshe muundo: tarehe iwe 2025-03-09, maana 09/03 kila mtu anaisoma kivyake. Na ujumbe wa kosa utaje kinachokosekana; "imeshindikana" tupu humfanya ajenti arudie ombi lilelile.